Nyota Zinavyopimwa: Yale Tunayoamini na Yale Mwanga Unayoonyesha

Tukiliweka Jua kando, hakuna nyota iliyowahi kufikiwa na chombo chochote cha binadamu. Kila tunachokijua juu ya nyota kimetufikia kwa mwanga wake. Na katika mwanga huo mwanaastronomia ana mambo manne ya kupima: unatoka upande gani wa anga, unafika kwa kiasi gani, una rangi zipi ndani yake, na hayo matatu hubadilikaje kadiri muda unavyopita. Joto, ukubwa, masi (yaani wingi wa maada) na umri hukokotolewa kutokana na hayo.

Kwangu mimi hii ni kati ya kazi bora kabisa ambazo akili ya binadamu imewahi kufanya, ndiyo maana huniuma kuona makosa yaleyale yakirudiwa mwaka hadi mwaka, hata katika vitabu vya wanafunzi. Mengi yana mzizi mmoja: mtu huchukua kinachoonekana akakifanya ndicho kilichopo.

"Nyota inayong'aa zaidi ndiyo kubwa zaidi, au ndiyo iliyo karibu zaidi"

Katika anga la usiku Sirius ndiyo nyota inayong'aa kuliko zote. Ya pili ni Suheli, ambayo katika orodha za kimataifa huitwa Canopus. Anayetazama kwa macho tu ataipa Sirius ushindi. Lakini Sirius iko umbali wa miakanuru 8.6 (mwakanuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), ilhali Suheli iko takriban miakanuru 310. Sirius hutoa mwanga wa kama Jua mara 25. Suheli hutoa zaidi ya mara 10,000. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: nyota ikisogezwa mbali mara mbili, mwanga wake unaotufikia hubaki robo; ikisogezwa mara kumi, hubaki sehemu moja ya mia.

Ukaribu nao hautoi jibu. Nyota iliyo jirani kuliko zote baada ya Jua ni Proxima Centauri, miakanuru 4.24 kutoka hapa, na haionekani kwa macho matupu hata usiku wenye giza totoro.

Vipimo vyenyewe huwachanganya wengi, kwa sababu namba hupungua mwangaza unapoongezeka. Asili yake ni mpango wa Wagiriki wa kale uliozigawa nyota katika madaraja sita, la kwanza likiwa la zile zinazong'aa zaidi na la sita la zile zinazoonekana kwa shida. Mwaka 1856 Norman Pogson aliuwekea hesabu kamili: tofauti ya madaraja 5 ni tofauti ya mwangaza mara 100 barabara. Kipimo kikarefushwa pande zote mbili, na nyota kali zaidi zikaangukia chini ya sifuri. Ndiyo sababu Sirius ina -1.46.

Ili kulinganisha kwa haki, wanaastronomia huzihamisha nyota zote kwa hesabu hadi umbali mmoja wa miakanuru 32.6, kisha wakauliza kila moja ingeng'aa vipi kutoka hapo. Jua, ambalo kwetu lina -26.7, hushuka hadi 4.8, nyota hafifu ambayo ungeitafuta kwa bidii. Sirius hushuka kidogo, hadi 1.4. Suheli hupanda hadi kuipita Zuhura inapong'aa kwa kiwango chake cha juu kabisa.

Hesabu hiyo haiwezekani bila kujua umbali.

"Umbali wa nyota ni makisio tu ya wanasayansi"

Hii ndiyo dhana ninayoipinga kwa nguvu kuliko zote, kwa maana umbali wa nyota za jirani hupimwa kwa jiometria ileile anayoitumia mpima ardhi kupata upana wa mto asiouvuka. Nyosha mkono, simamisha kidole gumba, kitazame kwa jicho la kushoto pekee kisha kwa la kulia pekee. Kidole huonekana kuruka mbele ya ukuta ulio nyuma yake, na kadiri kinavyokuwa karibu na uso ndivyo kinavyoruka zaidi. Kwa nyota, nafasi ya macho mawili huchukuliwa na Dunia yenyewe: picha moja hupigwa leo, nyingine baada ya miezi sita Dunia ikiwa upande wa pili wa Jua, umbali wa takriban kilomita milioni 300. Nyota ya karibu huonekana imesogea mbele ya nyota za mbali. Nusu ya msogeo huo huitwa paralaksi.

Ugumu uko katika udogo wa pembe. Igawe nyuzi moja ya pembe katika sehemu 3,600, upate sekunde ya tao. Hakuna nyota hata moja ambayo paralaksi yake inafika hapo. Proxima Centauri yenyewe ina 0.77. Ndiyo maana tangu enzi za Wagiriki watu waliitafuta bila kuiona, na wengine wakatumia kukosekana kwake kama hoja kwamba Dunia haizunguki Jua.

Thomas Henderson aliipima Alpha Centauri kutoka Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1832 na 1833, lakini hakutangaza matokeo hadi mwaka 1839. Kwa kuchelewa huko heshima ya kutangulia ilikwenda kwa Mjerumani Friedrich Bessel, aliyechapisha umbali wa nyota 61 Cygni mwaka 1838. Alipata miakanuru 10.3. Leo tunajua ni 11.4. Kwa kifaa cha karne ya 19 kilichosomwa kwa jicho, kupotea kwa takriban sehemu moja ya kumi tu si jambo dogo hata kidogo.

Baadaye kazi ilihamia angani, mahali ambapo hewa haitikisi picha. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Hipparcos, iliyorushwa mwaka 1989, ilipima kwa usahihi nyota zipatazo 118,000. Mrithi wake, Gaia, aliyerushwa Desemba 2013, ametupa orodha ya nyota karibu bilioni mbili.

Haina maana kwamba kila umbali unajulikana sawasawa. Betelgeuse, ile nyekundu ya kundinyota la Jabari, bado inatofautiana kati ya kipimo na kipimo kwa zaidi ya miakanuru mia, kwa sababu uso wake mpana huchemka na kubadilika, na kitovu cha mwanga wake huhamahama. Nyota za mbali zaidi huhitaji njia nyingine, na iliyo maarufu ilipatikana na Henrietta Leavitt katika kituo cha uangalizi cha Harvard. Alichunguza nyota ambazo mwangaza wake hupanda na kushuka kwa mpigo usiobadilika, akaonyesha mwaka 1912, kwa nyota 25 za Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani yetu, kwamba kadiri mpigo unavyokuwa mrefu ndivyo nyota inavyokuwa na nguvu zaidi. Kwa hiyo hesabu siku za mpigo, upate nguvu halisi. Linganisha na mwangaza unaotufikia, upate umbali. Kwa njia hiyo Edwin Hubble alithibitisha katika miaka ya 1920 kwamba Andromeda ni galaksi nyingine kabisa, nje ya Njia Nyeupe yetu.

"Nyota nyingi tunazoziona zilishakufa zamani"

Inasemwa sana na si kweli. Karibu kila nyota inayoonekana kwa macho matupu iko ndani ya miakanuru elfu chache, hivyo mwanga wake uliondoka miaka elfu chache iliyopita au chini ya hapo. Nyota huishi miaka mamilioni hadi mabilioni. Miaka elfu tatu kwake si kitu, na unaweza kuamini kwamba karibu zote unazoziona usiku huu ziko hai.

"Nyekundu ni ya moto, ya buluu ni baridi"

Ni kinyume chake. Tumezoea alama zinazotumia wekundu kwa joto na buluu kwa baridi, na mazoea hayo tumeyapeleka angani. Kitu chochote kinachong'aa kwa joto lake, kadiri joto linavyopanda, hutoa sehemu kubwa zaidi ya mwanga wake upande wa buluu. Betelgeuse ina takriban kelvini 3,500 usoni (kelvini ni kipimo cha joto kinachoanzia kwenye baridi ya mwisho kabisa). Rigel, nyota ya buluu-nyeupe katika kundinyota hilohilo la Jabari, ina takriban 12,000. Jua lina 5,772.

Kipimo chenyewe ni rahisi kueleza. Nyota hupigwa picha mara mbili, mara moja kupitia kichujio cha buluu na mara nyingine kupitia kichujio cha njano-kijani, kisha kiasi cha mwanga kilichopita hulinganishwa. Tofauti ya hivyo viwili hutoa joto, ila ni lazima kwanza kuondoa athari ya vumbi lililo kati ya nyota, kwa sababu vumbi hilo huufanya mwanga uwe mwekundu kuliko ulivyotoka.

Wako pia wanaosema nyota nyekundu ni nyekundu kwa sababu inatukimbia. Wamesikia kwamba mwanga wa galaksi za mbali zinazotukimbia huhamia upande wa wekundu, wakalihamishia jambo hilo kwenye nyota za jirani. Nyota ya Barnard, iliyo miakanuru 6 kutoka kwetu, ni nyekundu, na inatujia kwa takriban kilomita 110 kila sekunde! Mwendo hupimwa kwa kuangalia mistari ya spektra, yaani mistari inayoonekana mwanga ukitawanywa katika rangi zake, imehama kiasi gani kutoka mahali pake pa kawaida. Kwa mwendo wa Barnard mhamo huo haufiki hata sehemu moja ya elfu, na hakuna jicho linaloweza kuuona.

Jua nalo si la njano. Likitazamwa kutoka nje ya angahewa ni jeupe.

"Haiwezekani kujua nyota imeundwa na nini bila kuchukua sampuli"

Mwanafalsafa Mfaransa Auguste Comte alilisema hili mwaka 1835, kwamba muundo wa kikemikali wa nyota hautajulikana kamwe. Lakini ushahidi ulikuwa umekwisha kuonekana. Mwaka 1814 Joseph Fraunhofer alikuwa ametawanya mwanga wa Jua akaona mistari myeusi mamia ikikata rangi zake. Ilipofika mwaka 1859, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen walikuwa wameielewa: kila elementi hufyonza rangi zake mahususi, hazifanani na za elementi nyingine yoyote. Mistari ya Jua ililingana na ya sodiamu, chuma na kalisi zilizochomwa maabarani. Heli ilionekana katika spektra ya Jua mwaka 1868, miaka 27 kabla ya William Ramsay kuipata hapa duniani.

Hapo ndipo kosa jingine lilipozaliwa, la hila zaidi, nalo lilifanywa na wataalamu wenyewe. Walidhani mstari mzito maana yake ni elementi nyingi. Mistari mizito zaidi katika mwanga wa Jua unaoonekana ni ya kalisi. Mistari ya chuma ni maelfu. Basi wakahitimisha kwamba Jua limeundwa kwa vitu vilevile vilivyounda Dunia, na kwa karibu uwiano uleule.

Aliyelivunja wazo hilo ni Cecilia Payne, mwanamke Mwingereza aliyekwenda Harvard mwaka 1923. Alizitumia hesabu ambazo mwanafizikia Mhindi Meghnad Saha alikuwa amezichapisha mwaka 1920 kuhusu namna joto linavyozipokonya atomi elektroni zake. Hoja ni hii: atomi huchora mstari pale tu elektroni zake zinapokuwa katika hali inayofaa, na hali hiyo hutegemea joto. Hidrojeni huchora mistari yake inayoonekana ikiwa elektroni iko ngazi ya pili. Katika Jua karibu hidrojeni yote iko ngazi ya kwanza, kwa hiyo iko kimya. Katika nyota yenye joto sana elektroni imeng'oka kabisa, kwa hiyo iko kimya tena. Kwenye kelvini 10,000 hivi ndipo hidrojeni huonekana kwa nguvu kamili. Kalisi kwa upande wake hupata hali yake bora karibu na joto la Jua, ikapiga kelele ingawa ni chache mno: kwa kila atomi milioni moja za hidrojeni katika Jua, za kalisi ni takriban mbili.

Payne aliporekebisha athari ya joto, ilidhihirika kwamba nyota karibu zote ni hidrojeni na heli, na vingine vyote ni chembe tu. Aliandika hivyo katika tasnifu yake ya mwaka 1925. Henry Norris Russell, mmoja wa wanaastronomia wenye sauti kubwa wakati ule, alimwambia haiwezekani, na katika maandishi ya mwisho Payne alilazimika kusema kwamba kiasi hicho cha hidrojeni karibu hakika si cha kweli. Mwaka 1929 Russell mwenyewe alifikia jibu lilelile kwa njia nyingine, akakiri kwamba Payne alitangulia. Leo tunajua kwamba kwa masi Jua ni hidrojeni takriban asilimia 73 na heli asilimia 25. Ninasisitiza jina lake kwa sababu ukweli huu hufundishwa kila mahali, mara nyingi bila kumtaja.

"Herufi O, B, A, F, G, K, M ni hatua za maisha ya nyota"

Hapana, ni mpangilio wa joto. O huzidi kelvini 30,000. M haifiki 4,000. Mpango wa kwanza uliotumika Harvard, kazi ya Williamina Fleming chini ya Edward Pickering, ulifuata alfabeti kwa uzito wa mistari ya hidrojeni: A ndiyo iliyokuwa na mistari mizito zaidi. Annie Jump Cannon aligundua kwamba mistari ya elementi nyingine hupangika vizuri zaidi herufi zikisogezwa na baadhi zikifutwa, na mwaka 1901 akachapisha mpangilio tunaoutumia hadi leo, kila herufi ikigawanywa kwa tarakimu 0 hadi 9. Katika maisha yake aliainisha nyota zipatazo 350,000, moja moja, kwa kutazama bamba za kioo.

Kulikuwa na kipindi ambapo wataalamu walidhani nyota huzaliwa O ikapoa polepole hadi M. Wazo hilo lilikufa, ingawa lugha yake bado inatumika. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake nyota hubaki karibu na herufi aliyozaliwa nayo, na kinachoamua herufi hiyo ni masi.

Pia herufi peke yake haitoshi. Betelgeuse ni M na Nyota ya Barnard ni M, ila moja ni jitu kuu na nyingine kibete. Antonia Maury, naye wa Harvard, aliona mwaka 1897 kwamba nyota za aina moja zinaweza kuwa na mistari myembamba au minene. Wakubwa wake hawakulitilia maanani. Ejnar Hertzsprung wa Denmark ndiye aliyeutambua uzito wa jambo hilo: mistari hiyo myembamba ni ya majitu, ambayo gesi yake ya juu imetanuka na shinikizo lake ni dogo. Tangu mwaka 1943, kwa kazi ya William Morgan na wenzake, namba za Kirumi zimeongezwa, I kwa majitu makuu hadi V kwa nyota za safu kuu, yaani zile ambazo bado zinatumia hidrojeni ya kiini chake. Jua huandikwa G2V, na katika alama hizo tatu umeshapewa joto lake na hali yake ya maisha.

"Nyota kubwa ndiyo nzito, na darubini nzuri hutuonyesha umbo lake"

Miale minne au sita inayotoka kwenye nyota katika picha za darubini ni kazi ya nguzo na vioo vya darubini yenyewe. Nyota karibu zote hubaki nukta. Ya kwanza kupimwa upana wake moja kwa moja, ukiacha Jua, ilikuwa Betelgeuse, mwaka 1920, pale Albert Michelson na Francis Pease walipofunga vioo vya ziada juu ya darubini ya Mlima Wilson, California, ili mwanga kutoka pande mbili uingiliane. Kwa nyota nyingine nyingi ukubwa hukokotolewa: ukijua joto la uso unajua kila mita ya mraba inatoa mwanga kiasi gani, na ukijua jumla ya mwanga unajua mita hizo ni ngapi.

Masi ni habari nyingine. Njia ya kuaminika ya kuipima ni kutazama jinsi nyota inavyovuta kitu kingine, kwa hiyo nyota maradufu, zile zinazozungukana, ni hazina. Mwaka 1844 Bessel aliona Sirius ikiyumba njiani akatangaza kwamba inavutwa na mwenzi asiyeonekana. Mwaka 1862 Alvan Graham Clark alimwona mwenzi huyo kwa darubini. Huzungukana kwa miaka 50 hivi. Sirius ina masi mara mbili ya Jua, na mwenzi wake ana masi karibu sawa na ya Jua zima, ingawa ukubwa wake haupiti wa Dunia. Sentimita moja ya ujazo ya maada yake ina zaidi ya tani mbili. Betelgeuse, kinyume chake, ni pana mamia ya mara kuliko Jua, lakini masi yake haizidi sana mara 20, na kwa wastani gesi yake ni nyembamba maelfu ya mara kuliko hewa tunayovuta.

"Jua ni nyota ya wastani"

Takriban robo tatu ya nyota zote ni vibete vyekundu, hafifu kiasi kwamba hakuna hata kimoja kinachoonekana bila darubini. Jua lina masi kubwa kuliko nyota tisa katika kila kumi.

"Umri wa nyota husomwa kama joto lake"

Wengi hudhani pia kwamba nyota yenye akiba kubwa ya hidrojeni huishi zaidi. Nyota yenye masi mara 20 ya Jua humaliza ya kiini chake kwa takriban miaka milioni 10, kwa sababu huitumia kwa kasi ya kutisha. Jua litadumu kama miaka bilioni 10 katika safu kuu, na vibete vyekundu matrilioni.

Tofauti hiyo ndiyo saa. Katika fundo la nyota zilizozaliwa pamoja, wanaastronomia hutafuta ni nyota zipi nzito zaidi ambazo bado ziko safu kuu. Katika Kilimia nyota za O hazipo tena na za B bado zinang'aa, hivyo umri wake huwekwa zaidi kidogo ya miaka milioni 100. Nyota iliyo peke yake haina wenzake wa kulinganishwa nao, na mwonekano wake haubadiliki kwa mabilioni ya miaka, kwa hiyo umri ndio kipimo kigumu kuliko vyote. Zinazofaa huchunguzwa mitetemo yake, kwa kuwa sauti inayopita kiinini hubadilika heli inapojilimbikiza. Umri wa Jua, miaka bilioni 4.57, tunaujua kwa usahihi kuliko wa nyota nyingine yoyote, nao ulipatikana kwa kupima mabaki ya mionzi katika vimondo vilivyoanguka duniani.